Maksai Waliopita kwa Bugabire

Firmin alikuwa mtu wa kushika masikio ya ng'ombe. Kila Jumanne na kila Alhamisi, saa moja asubuhi, alisimama kwenye josho lililokuwa juu ya Kadutu, mtaa wa Bukavu, kofia yake ya kaki imekaa sawasawa. Ng'ombe waliposhuka mmoja mmoja kwenye maji yenye dawa ya kupe, alimshika kila mmoja sikio, akaligeuza kutafuta alama, kisha akapitisha kidole gumba kwenye pembe kuhesabu pete. Kila pete ni ndama mmoja aliyezaliwa. Wachungaji walikuwa wakisema kwamba Firmin anajua uzazi wa ng'ombe wa nchi ya Bushi kuliko padri anavyojua ubatizo wa waumini wake, na tena yeye hahitaji kufungua kitabu.

Mwaka ule wa 1959 alikuwa na miaka arobaini na sita. Ofisini walimwandika msaidizi wa mifugo. Watu walimwita muganga wa ng'ombe. Mke wake Agnès alikuwa amekufa kwa homa ya matumbo mwaka 1946, akamwachia mtoto mmoja tu, Eulalie, wa miaka minane. Firmin hakuoa tena. Alijifunza kumsuka mtoto nywele kwa kumtazama jirani, na mwanzoni alisuka vibaya mpaka masista wakamrudisha Eulalie nyumbani afumuliwe. Baadaye alisuka vizuri. Alipoolewa, Eulalie aliwaambia wifi zake kwamba hakuna mwanamke Bukavu anayenyoosha mstari wa nywele kama baba yake.

Aliolewa na Marcellin, karani wa ghala la pamba huko Kamanyola, chini kwenye uwanda wa Ruzizi. Firmin hakuipenda Kamanyola. Kulikuwa na joto na mbu, na mto ulikuwa karibu mno: Rwanda huku, Urundi kule. Lakini Firmin alimpenda Marcellin, kwa sababu alikuwa kijana wa kucheka kabla hujamaliza maneno, na hakuona haya kumbebea mkewe maji. Mwezi wa tano Eulalie aliandika barua kwamba ana mimba. Firmin aliisoma amesimama joshoni, na ng'ombe mmoja akapita bila kushikwa sikio.

Sasa ili mtu amwelewe Firmin, lazima ajue bugabire. Mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake ng'ombe jike amtunze. Maziwa ni ya anayetunza, samadi ni yake, na ndama mmoja baadaye huwa wake. Lakini ng'ombe mwenyewe hubaki kama kamba kati ya watu wawili, na kamba hiyo huwapitia watoto wao. Baba yake Firmin hakuwa na kitu. Mama yake alikufa siku ya nne baada ya kumzaa. Muzee mmoja wa mlima wa Kabare, jina lake Bisimwa, ndiye aliyemgabia yule baba ng'ombe mwekundu, na mke wa Bisimwa, Georgette, akamchukua kichanga na kumnywesha maziwa kwenye kibuyu kimoja na mwanawe mwenyewe, Placide. Ndama wa pili wa ng'ombe yule aliuzwa, Firmin akaenda shule. Kila alichokuwa nacho, kuanzia kalamu mpaka kofia, kilitoka kwenye chuchu za ng'ombe yule. Yeye mwenyewe alisema hivyo, wala hakuona aibu kusema.

Kazini alikuwa na jambo moja la kujivunia. Amri ya serikali ilisema ng'ombe yeyote akitoka wilaya moja kwenda nyingine awe na kibali. Kama ameuzwa, mwenyewe alipe ushuru wa soko, na jina la mnunuzi liandikwe. Bugabire haikutajwa popote. Kwa hiyo wanyonge waliogabiwa ng'ombe walitozwa kama wafanyabiashara, na wengine walirudisha zawadi kwa kukosa ushuru. Mwaka 1954 Firmin alivaa tai, akaingia kwa daktari wa mifugo, Mbelgiji mwenye haraka siku zote, akamweleza. Daktari alisikiliza akiwa amesimama.

"Sawa," akasema mwishowe. "Bugabire itapita bure. Lakini mimi sijui kutofautisha zawadi na biashara. Wewe ndiye utakayeniambia."

"Nitajua, Daktari."

Basi akaachiwa kitabu cha vibali vilivyokwisha kupigwa muhuri. Tangu siku ile, aliyeandikiwa neno *bugabire* na mkono wa Firmin alipita vizuizi vyote mpaka Kalehe, mpaka Kamanyola, bila kuulizwa. Watu walimletea ndizi na mihogo. Wengine walimwita Papa Bugabire.

Ila kuna desturi moja ambayo daktari hakuambiwa, kwa sababu Firmin mwenyewe hakujua kwamba ni jambo la kuambiwa mtu. Bugabire haiulizwi. Mtu akisema nampeleka huyu kwa fulani, mtu wa tatu hasemi: kwa nini, kwa sharti gani, umepata nini. Kuuliza hivyo ni kumwambia mwenzako mbele ya watu kwamba zawadi yake ni mtego. Ni kama kufunua sufuria ya jirani kuona anapika nini. Na kumuuliza mtu ambaye nyumba yao ndiyo iliyokugabia wewe uhai, hilo halikuwa na jina kabisa.

Placide alifika joshoni siku ya Alhamisi, mwezi wa saba. Alikuwa amenenepa. Alinunua ngozi na kuuza pombe, akawa na duka Kadutu na watu wa kumfuata nyuma.

"Muganga wa bangombe!" akapaza sauti kutoka mbali. "Bado haujakufa na hii arufu ya dawa?"

"Arufu hii njo inanilisha," Firmin akajibu. "Wewe unanuka pombe, na hakuna mutu anakusema."

"Wananisema. Ila wakikuja kunisema, nawapa chupa, wananyamaza."

Wakacheka, wakashikana mikono yote miwili, kama walivyozoea. Placide alileta mitamba kumi na wawili. Alisema anaenda kuwagabia mashemeji zake wa Kamanyola. Firmin akashika masikio, akapitisha kidole kwenye pembe changa, akaandika *bugabire* mara kumi na mbili.

Mwezi wa nane Placide akarudi na ng'ombe kumi na mmoja. Wa kwanza walikuwa majike. Wa tano, Firmin aliposhika pembe, hakukuta pete hata moja, na pembe ilikuwa nene na ndefu ya mnyama mzima. Akainama kutazama. Alikuwa maksai, dume aliyehasiwa. Na wa sita vilevile, na wa saba, mpaka wa kumi na mmoja. Maksai saba.

Maksai hazai. Hatoi maziwa. Hana ndama wa kurudisha. Kazi yake ni nyama na bei. Tangu Bushi iwe Bushi, hajatokea mtu aliyegabiwa maksai.

Kalamu ya Firmin ikasimama juu ya karatasi. Mchungaji mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akaona, akaropoka, "Papa, na hawa nao watazaa?"

"Kule chini iko joto," mwingine akadakia. "Labda watazaa mapacha!"

Josho zima likaangua kicheko. Placide alicheka kuliko wote, lakini macho yake hayakutoka usoni kwa Firmin.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "kuna neno?"

Firmin aliona mambo mawili kwa mara moja: miguu minene ya wale maksai, na uso wa Maman Georgette. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa fupi: *Unawapeleka wapi?*

"Hapana," akasema. "Hakuna neno."

Akaandika.

Eulalie alipanda Bukavu mwezi wa tisa kupimwa mimba na kununua flanela ya kumvika mtoto. Aliketi uani kwa baba yake, kwenye kiti cha mianzi, miguu imevimba kidogo, akila mahindi ya kuchoma na kusimulia. Firmin alimtazama alivyofanana na mama yake akitafuna, akajiona tajiri. Kisha Eulalie akashusha sauti.

"Papa, Kamanyola haiko vizuri. Ng'ombe wanashuka, wanavukishwa mto fasi maji iko mafupi. Watu wanarudi bila ng'ombe, wamebeba mikeka imekunjwa. Marcellin aliona moja ikifunguka. Bunduki. Zile za vita ya Wazungu."

"Labda za kuwinda."

"Kuwinda nini, Papa? Panya? Sokoni wanasema wazi: ng'ombe moja, bunduki moja. Maksai mukubwa, bunduki na masasi yake." Akapangusa mdomo. "Mbele walikuwa wanagombana malisho kwa fimbo. Mutu anavunjika mukono, wanachinja mbuzi, inaisha. Sasa jioni tunasikia wakijifunza kupiga. Ninaogopa kuzaa kule."

Firmin akaligeuza hindi jingine motoni.

"Wewe uko mu biro ya mifugo," Eulalie akaendelea. "Ng'ombe hawa wanapita vizuizi namna gani? Lazima wako na karatasi. Tafuta nani anawaandikia. Mwambie daktari. Wakikatiwa karatasi, ng'ombe hawashuki. Ng'ombe wasiposhuka, bunduki hazipandi. Si njo vile?"

"Njo vile," Firmin akasema. Kisha akasema, "Kule unakula vizuri? Unapata maziwa?"

Usiku ule hakulala, na asubuhi alimsindikiza kwenye lori la pamba. Alikuwa ameamua kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Alifika mpaka mlangoni pa ofisi, kule mtaa wa Ibanda. Akafikiri: nikisema, Placide atafungwa, na Maman Georgette atasikia kwamba ni mimi. Heshima inataka nimwone yeye kwanza. Akageuka. Alipotoka kwenye mlango ule alijiona mtu mwenye adabu.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Placide. Maman Georgette, mzee sasa na macho yenye ukungu, alimtambua kwa hatua zake, akamwekea maziwa ya mgando mkononi kama alivyokuwa akifanya miaka arobaini iliyopita, akaenda zake jikoni.

"Wale maksai," Firmin akaanza.

Placide akanyoosha miguu. "Nilijua utakuja. Ulikawia."

"Unanunua bunduki."

"Ninanunua fimbo. Wazungu wanafunga masanduku, hauoni? Wakienda, polisi inaenda nao. Nani atalinda malisho ya wazee wetu? Wewe, na kalamu?"

"Eulalie iko kule."

"Na ng'ombe zangu ziko kule, na bashemeji zangu. Unafikiri ninataka vita? Ninataka watu wajue tuko nazo, waogope, basi. Kila bunduki ninajua iko kwa nani."

"Yule anakuuzia bunduki ng'ambo ya mto," Firmin akasema, "anauzia nani mwingine?"

"Anauzia mwenye ng'ombe."

"Na wale munaogombana nao malisho, wao hawana ng'ombe?"

Placide alichukua chupa, akaitazama, akairudisha chini bila kunywa. Yule muuzaji wa ng'ambo hakuwa na rafiki. Alikuwa na bei tu. Hilo Placide alilijua kabla hajaulizwa.

"Sikiliza, ndugu yangu," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Niko na ng'ombe ishirini tayari. Nimekwisha kuahidi. Nikikosa kuwaleta, yule mutu atampa mwingine mzigo, na sisi tutabaki mikono mitupu. Niandikie hii moja. Ya mwisho. Na mimi ninaapa kwa maziwa ya mama: nitaweka watu wangu wawili kwenye mulango ya Eulalie, muchana na usiku, mpaka azae. Hakuna mutu atagusa nyumba ile."

Firmin akanywa maziwa yaliyobaki kwenye kibuyu. Mtu mwenye akili angejua kwamba anaombwa kuizima nyumba inayoungua kwa mafuta ya taa. Lakini yeye alikuwa baba kabla ya kuwa karani, na alichosikia ni maneno mawili: mlango, na Eulalie. Alhamisi iliyofuata aliandika *bugabire* mara ishirini. Siku ile hakushika sikio hata la ng'ombe mmoja.

Wale watu wawili walifika Kamanyola wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Waliketi chini ya ukuta wa nyumba ya Marcellin, bunduki magotini, wakiomba moto wa sigara na kusifia mchuzi wa Eulalie. Mwezi uleule moto uliwaka Rwanda, watu wakaanza kuvuka mpaka na mabunda yao kichwani, na kila mwenye ng'ombe kwenye uwanda akatafuta bunduki kwa bei yoyote. Wale wa upande wa pili wa malisho nao walikuwa wamekwisha kununua, kwa muuzaji yuleyule. Lakini hawakuwa na za kutosha. Wakaanza kujiuliza ghala la Placide liko wapi. Wakatazama huku na huku: nyumba ipi Kamanyola ina walinzi wenye silaha mchana na usiku? Moja tu. Na mwenyewe alikuwa nani? Karani wa ghala, mtu anayetembea na funguo.

Walikuja Jumatano, saa kumi alasiri, mvua ikinyesha, watu tisa. Walinzi wa Placide walipoona idadi yao waliruka uzio na kukimbia. Mmoja aliacha bunduki yake imeegemea ukutani. Marcellin alitoka nje. Majirani walisema alikuwa ameshika funguo za ghala la pamba juu kabisa, anazitikisa ili wazione, anawaambia, "Njooni muone, njooni nifungue, ni pamba tu." Mmoja wao hakungoja, akafyatua. Pengine aliogopa, pengine kidole chake kilikuwa bado kigeni kwenye chuma kile. Wakaingia, wakapekua, wakakuta flanela na kitanda cha mtoto. Wakaondoka na ile bunduki ya mlinzi, ikawa yao.

Eulalie alipandishwa kwenye mlima wa Ngomo katika lori lilelile la pamba, amekaa karibu na maiti, mimba ya miezi minane, mkono wake juu ya kifua cha mumewe kuzuia asiyumbe kwenye kona. Hakulia mpaka Bukavu. Mama yake Marcellin, Delphine, alitoka Walungu na wazee wa ukoo, wakamzika mtoto wao, na matanga yakakaa uani kwa Firmin.

Siku ya tatu, watu wakiwa wamekwenda kuteka maji, Eulalie alimwita.

"Papa. Wale watu wawili wa mulangoni. Marcellin aliwauliza nani aliwatuma. Wakasema, muzee mukwe wako, wa Bukavu. Akacheka sana. Akaniambia, 'Papa yako anatupenda mpaka na bunduki.'" Akamkazia macho. "Niambie walidanganya."

Firmin angeweza kusema walidanganya. Placide asingesema lolote, na Marcellin alikuwa chini ya udongo. Aliwaza hivyo, muda wa pumzi moja. Kisha akakaa chini, kwenye udongo, si kwenye kiti, akamweleza yote: maksai saba, kicheko cha wachungaji, mlango wa ofisi alipogeuka, maziwa ya Maman Georgette, ng'ombe ishirini.

Eulalie akahesabu kwa vidole vyake.

"Ulijua mwezi gani?"

"Wa nane."

"Mimi nilikuja wa tisa."

"Ndiyo."

"Nilikaa hapa, kwenye kiti hiki. Nikakuambia, tafuta nani anaandika karatasi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayepanga vitu kwenye kabati. "Ukaniuliza kama ninakula vizuri."

"Ndiyo, mama yangu."

"Usiniite mama yako."

Akageukia ukuta. Firmin alibaki pale mpaka Delphine aliporudi na ndoo, akawatazama wote wawili, akaelewa kwamba kuna jambo, akakaa karibu na Eulalie bila kuuliza.

Kesho yake Firmin alivaa tai, akakusanya nakala zote zilizobaki kwenye kitabu cha vibali, akaenda kwa msimamizi wa wilaya. Alisema majina, tarehe, idadi na njia. Msimamizi alimwuliza mara mbili kama anaelewa kwamba anajishitaki mwenyewe, naye mara mbili akasema anaelewa. Placide alikamatwa Ijumaa dukani kwake. Askari walishuka Kamanyola, wakapata bunduki kumi na tano. Walioshuka walikuwa ng'ombe arobaini na watatu, kwa karatasi za Firmin peke yake. Bunduki nyingine zilikuwa zimekwisha kuuzwa tena, zimezikwa, zimevuka. Ng'ombe huzeeka, hufa, huliwa, hesabu yake ikaisha. Bunduki ikipakwa mafuta haizeeki. Itakaa kwenye dari ya mtu ikingoja mtu mwingine, kwa ugomvi ambao bado haujazaliwa.

Maman Georgette alikuja kwa miguu, ameshikwa mkono na jirani. Firmin alidhani amekuja kumlaani, akatoka kumpokea kichwa wazi. Mzee hakulaani. Alimpapasa uso, kipaji, mashavu, kama anayetafuta mahali pa jeraha.

"Moja iko gerezani," akasema, "na wewe utaenda. Nilinywesha wawili, sikubakiza." Kisha akasema, "Banangu, mungeulizana. Si mulikuwa na midomo?"

Akaomba kuingia kumpa Eulalie pole. Eulalie alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akampa maji. Kwa baba yake hakutazama.

Matanga yaliondolewa Jumamosi. Wazee wa Walungu walisema mtoto atazaliwa kwao, kwenye mlima wa baba yake. Kwa kawaida baba wa mjane hupewa nafasi ya kusema, naye huomba binti abaki kwake mpaka ajifungue. Wazee wakamgeukia Firmin wakingoja. Delphine naye akangoja. Alikuwa mwanamke wa haki. Firmin akamtazama binti yake.

"Yeye atasema," akajibu.

"Ninaenda," Eulalie akasema.

Firmin alibeba mkeka wake na bunda la flanela mpaka barabarani. Lori lilikuwa limejaa magunia ya chumvi. Wanawake wakamsaidia Eulalie kupanda mbele, kwa dereva. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea, na nywele zilizokuwa hazijasukwa tangu msiba zikajitokeza pembeni. Mkono wa Firmin uliinuka wenyewe. Eulalie akauona, akafunga kitambaa mwenyewe, akakaza.

"Akizaliwa," Firmin akasema, "mutanitumia habari?"

Eulalie alitazama mbele, kwenye kioo. Dereva aliwasha injini, ikakohoa, ikashika.

"Maman Delphine atakuandikia," akasema. "Lakini usikuje, Papa. Nikikuona, nitamwona yeye ameshika funguo."

Alikuwa amemwita Papa. Firmin alilishika neno hilo pale aliposimama, na akajua papo hapo kwamba limetoka kwa mazoea ya ulimi tu. Lori likaondoka, likapinda kwenye kanisa, vumbi likabaki. Muuza mafuta ya mawese, aliyekuwa anasukuma pipa lake, akamwambia, "Muzee, uko katikati ya njia." Firmin akasogea pembeni, akavua kofia ya kaki, akaishika mkononi, akaanza kushuka taratibu kuelekea Ibanda, maana msimamizi alikuwa amemwagiza aripoti gerezani kabla ya saa sita, aje na blanketi.